Kofia Yangu Kiotani kwa Furukombe

Jumanne, 9 Julai 2024

Yule ndege ananitazama. Watu husema ndege hamtazami mtu, hutazama samaki. Waje basi wakae hapa gatini alfajiri, ukungu umelala juu ya ziwa, waone jicho la njano linavyomganda mtu. Mimi Aidarus, bingwa wa kuuza simu, nilibabaika nikamsalimia. Hakuitika.

Nimekuja kwa ajili ya Swafiya. Posa yangu imemfikia babake, Ami Abdulhadi. Ya Salmin nayo imefika. Salmin! Fundi wa paa! Ami tangu astaafu, akili yake yote iko juu ya nguzo hii ya hapa mjini Saint Louis Park, ng'ambo, ambako furukombe, mwewe wa kula samaki, na mkewe wanalea makinda watatu. Ametuambia waziwazi: hajibu posa ya mtu mpaka kitinda mimba aruke. Yule mdogo akifa, yeye hana moyo wa kuozesha mwaka huu.

Na mdogo mwenyewe mnyonge, wakubwa wanampokonya kila tonge. Ndoa yangu imo mdomoni mwa kinda! Salmin amemletea Ami darubini. Mimi sina kitu. Ila nina akili.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango: nimlishe kinda mwenyewe. Nikapita mtaa wa Frogtown, nikanunua samaki wa barafu, nikawapanga gatini vizuri. Nikavua kofia isinuke samaki, ile ya viua aliyonishonea mamangu, nikaitundika kigingini. Baba furukombe akashuka! Nikafumba macho kwa furaha. Kufumbua, samaki wote wapo. Kofia haipo.

Ami akanieleza kwa upole kwamba hawa huokota vitambaa na kamba wakapambia kiota, si ajabu. Na samaki hawamtaki ila waliyemvua wenyewe. Salmin alicheka mpaka akakaa chini. Kitinda mimba ameingia ndani ya kofia, akalala.

Jumapili, 14 Julai

Ukungu mzito. Kofia imesimama ukingoni mwa kiota, imenielekea mimi, utadhani chini yake kuna mtu. Ndege wote wa ziwa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami niliungoja mshindo huo huku kichwa kikiniuma kwa duara, palepale inapokaa kofia.

Nikampigia mama Mombasa. Akasema nguo yenye jasho lako haiachwi mikononi mwa mtu. Akauliza ni nani anayo. Nikasema ndege. Akauliza ndege gani, na kabla sijajibu simu ikakatika. Nimepiga tena na tena. Haishiki.

Jumatano, 17 Julai

Leso yangu ya mfukoni imo kiotani! Na soksi! Wala sikwenda nazo ziwani. Nilizianika roshani kwangu, ghorofani. Salmin aliziona kwa darubini akapaza sauti: "Aidarus, bro, huyu ndege ana-collect nguo zako? Una hakika hajakuposa wewe?"

Hapo nikang'amua. Ni mkono wa Salmin huu! Dawa ya moto ni moto. Nikachomoa chepeo yake garini mwake, nikaiweka kwenye kigingi kilekile ili baya limhamie. Mama furukombe akashuka. Akaisimamia, akaitazama kwa makini, akainyea. Kisha akavuta kamba ya kiatu changu akaenda nayo, nami bado nimekivaa.

Sikulala vizuri. Nimefunga dirisha la roshani, liwe joto au lisiwe.

Jumamosi, 20 Julai

Bundi. Nimemsikia nikielekea ziwani baada ya sala ya alfajiri, nikakaza mwendo. Kufika, Ami yuko pale analia, hata hajifichi. Unyoya wa kahawia chini ya nguzo. Kiotani anaonekana kinda mmoja tu, yule mkubwa.

Halafu kofia ikainuka. Ikatembea! Yarabi, nilitaka kukimbia. Chini yake alikuwa kitinda mimba. Alijificha ndani, bundi hakumwona; aliyechukuliwa ni wa kati. Ami akanikumbatia, akaniita mwanangu. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo. Salmin hakucheka. Raha iliyoje!

Ila jambo moja linanisumbua. Kofia ilipotembea, ilitembea kuja upande wangu.

Jumapili, 28 Julai

Mtoto akishatembelewa na bundi hufukizwa. Kwetu hata kichanga hakosi mvuje. Huyu nani atamfukiza? Nikabeba chetezo, ubani, na mvuje tele wa kumfukuza jini yeyote na majirani zake, nikawasha chini ya nguzo. Upepo hakuna. Moshi ukapanda wima mpaka kiotani. Baba na mama wakaondoka wakizunguka na kulia. Mkubwa akaruka. Mdogo akasimama ukingoni ndani ya moshi, akatanua mbawa, akaanguka!

Nikafumba macho. Nikasikia upepo, kisha kucha kichwani kwangu. Amenikalia mahali pa kofia. Mzito! Hakunidonoa. Alitengeneza manyoya yake, akatulia, akaanza kusinzia.

Ndipo Ami, Salmin na Swafiya walipotokea. Swafiya ni nesi, hashtuki ovyo. Akasema: "Usi-move, Aidarus. Na tafadhali, uache ku-plan!" Ami alinikemea kwa ule moshi mpaka sauti ikamkauka. Kisha kinda akaruka kutoka kichwani kwangu hadi juu ya mti, na Ami akalia tena, safari hii kwa furaha.

Basi kinda ameruka, jibu? Ami akasema aseme mwenyewe binti. Swafiya akasema Salmin hamtaki, samahani. Mimi, huenda. Sharti moja: nisiguse kitu wala nisipange kitu mpaka ndege wahame na wazee wakutane. Nikae tu. Subira huvuta heri, akaniambia.

Kukaa tu! Nani atashindwa na hilo?

Jumamosi, 7 Septemba

Ndege wamehama. Wiki nzima sijamwona hata mmoja. Leo wazee wanakutana kwa Ami, na kabla ya jibu Ami anataka kuwapitisha ziwani waone kiota. Sijagusa kitu! Sijapanga kitu! Nimekaa mpaka nimeota mizizi.

Lakini mwanamume atapokeaje jibu la posa bila kofia ya mamake? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Salmin ameniazima ngazi yake ya paa, hata kanishikia. Hana kinyongo kabisa, nilimdhania vibaya. Naandika haya nikiwa kiotani.

Kofia, ambayo sasa nimeivaa, ilikuwa upande wa kichwa. Leso wameitandaza panapokaa kifua. Kamba ya kiatu kiunoni, soksi miguuni. Katikati wameacha pengo. Nimejilaza kidogo kujipima. Kimo changu barabara! Na vijiti vya kiota vina joto bado, kama kitanda alichoondoka mtu sasa hivi.

Nimechungulia chini. Ngazi siioni. Salmin simwoni. Ninaowaona ni wazee wa kanzu wanakuja kwa njia ya ziwani, Ami ameelekeza darubini huku juu, na Swafiya amesimama, mikono kiunoni. Mama anapiga simu, sasa ndiyo inashika. Nitampokea baadaye. Kuna kitu kinanizunguka juu, nasikia mbawa zake.

Samaki ameniangukia kifuani. Mbichi, angali anapapatika.

Si neno. Nina mpango.