Stuli Yenu Haivunjiki

Ndugu Mkuu wa Karakana,

Shikamoo. Mimi ni binti wa yule fundi anayetengeneza viti vilivyovunjika, jirani na kinyozi, mtaa wa pili kutoka kwenu. Nilimaliza shule mwezi uliopita. Sijazoea kulalamika, hata nikikanyagwa, anayeomba radhi huwa ni mimi. Lakini stuli zenu mpya zimezidi.

1. Hazivunjiki. Mama alinunua moja miezi minane iliyopita. Shangazi, ambaye viti humwogopa, aliikalia jioni nzima na haikulia hata mara moja. Baba alisubiri na nyundo yake bure.

2. Hazina msumari wala gundi. Miguu yote ni ya kipimo kimoja, na huingia kwenye tundu kwa kuzungushwa. Mdogo wangu wa miaka sita ameifungua na kuirudisha, na sasa anamwita baba "fundi mwenzangu".

3. Mnaziunda kwa vipande vinavyobaki kwenye milango. Zamani mlivitupa, baba akaviokota kuungia viti vya watu. Mnasifiwa kwamba hamtupi kitu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akiishi kwa mlivyotupa.

4. Ni rahisi. Kitu kizuri hivi kingekuwa na kasoro kidogo, angalau kwenye bei.

Sasa wateja hupita na kusalimia tu. Juzi mmoja alimwambia baba, "Fundi, pumzika sasa, umeinama vya kutosha." Baba alicheka, kisha akafuta benchi ambalo halikuwa na vumbi.

Kwa hiyo naomba mlegeze mguu mmoja tu, kwa kila stuli ya kumi. Mnunuzi akianguka atalaumu sakafu, nasi hatutamwambia.

Wasalimieni mafundi wote, pamoja na yule anayeimba akipiga randa. Wazazi wangu wangewasalimu pia, kama wangejua ninaandika.

Mimi mlalamikaji wenu mwenye adabu,
Binti wa fundi

Tanbihi: Nilipoichunguza stuli nijue mguu wa kulegeza, niligundua ule ubao mdogo chini ya kikalio haubebi uzito wowote. Mkiuondoa, kila stuli tano zitawabakishia mbao za stuli ya sita, na ubora hautapungua. Nilimwomba baba aukate; tumeikalia wiki tatu na iko imara. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Kama mna nafasi ya kazi kwa watu wawili, mimi na baba huamka mapema.