Jini Aliyetaka Punda

Watu wote waliouona mguu wa Sharifu walisema pole. Hija aliuona akasema moyoni: punda.

Punda mwenyewe alikuwa palepale, amefungwa kando ya duka, mweupe wa Kimaskati, miguu imepakwa hina kama bibi harusi. Zama hizo za Seyyid Bargashi, Bagamoyo ilijaa pembe, nguo na wapagazi, lakini punda wa namna ile hawakuwa wengi. Na Hija, mtu mwenye kanzu safi kuliko roho yake, alikuwa amechoka kutembea kwa miguu kila anapofukuzwa mji.

Sharifu alikaa barazani, mguu umezungushiwa vitambaa, unaning'inia. Alikuwa ametoka Unguja kwa tabibu wa Kihindi aliyemfunga mishipa, ile iliyokuwa imemtutumka na kujipinda tangu ujanani. Tabibu alimwambia: mguu utavimba kidogo, usiogope, lala uuweke juu ya mito, tembea kidogo, usikae ukauning'iniza. Sharifu akaitikia yote, akarudi nyumbani, akakaa kutwa ameuning'iniza. Angelalaje, na duka amwachie nani? Mkewe? Astaghfirullah! Mwanamvua angewapimia wateja kibaba kilichojaa.

"Sabalheri, bwana," alisema Hija, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Loh! Una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Aliyemo mguuni. Ulivuka bahari juzi? Basi kakupanda hukohuko. Jini, tena wa kiungwana. Hatoki bila kipando."

"Kipando gani?"

Hija akafumba macho, akatega sikio. "Mweupe. Ana hina."

Sharifu akamtazama punda. Sasa jueni jambo moja: kutoa chake kulimuuma Sharifu kuliko mguu, lakini yule punda hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, urithi wa baba yake, kitu pekee alichotoka nacho kwao.

"Mchukue," alisema Sharifu, wala hakumeza mate. "Nikipona."

Mwanamvua alikuwa nyuma ya mlango, na yote aliyasikia. Punda wa baba! Alishika mchi, tayari kutoka. Ndipo akamsikia Hija akiendelea: "Lakini kwanza ulale, miguu juu ya mito, ipite kifua. Asubuhi na jioni utembee hadi msikitini na kurudi." Hija aliwahi kumbebea tabibu mmoja mkoba, mpaka mkoba ulipopotea.

Mwanamvua akaushusha mchi. Maneno yaleyale ya tabibu, aliyomwimbia mumewe mpaka koo likamkauka! Haya, alale kwanza. Ya punda angeyamaliza yeye mwenyewe baadaye.

Basi Sharifu akalala. Mke kasema, hakusikia. Jini kanong'ona tu, huyo kitandani! Mwanamvua akauza dukani, na wateja wakaanza kuja hata kutoka Mbegani. Hija naye alifika kila jioni, akafukiza ubani, akala pilau, akamkuna punda shingo kwa mahaba. Mguu ukanywea, hata kifundo kikaonekana tena.

Siku ya kumuaga jini majirani walijaa uani. Hija alizungusha chetezo, akakamata kamba ya punda, akapaza sauti: "Toka, bwana mkubwa! Kipando chako hiki!"

"Nimetoka!" ilijibu sauti nzito.

Chetezo nusura kimponyoke. Mwanamvua alikuwa chini, amejifunika kaniki gubigubi, mabega yanamtetemeka.

"Nimetoka mguuni, nimepata kiti kipya, mwili wa huyu bibi. Fundi wa majini! Husalimii wakubwa?"

Jini akishapanda mtu akasema, habishiwi. Huulizwa anachotaka, akapewa. Pale uani hata watoto walilijua hilo. Hija angesema hakuna jini, majirani wangemvunja mbavu. Angesema yupo, basi amtii. Masikini, jasho lilimtoka mpaka nikamwonea huruma kidogo.

"Salaam, bwana mkubwa," alisema. "Unataka nini?"

"Punda simtaki, ananuka. Arudi kwa bibi mwenyewe, na mtu asimguse."

"Naam."

"Nataka kanzu."

"Kanzu ipi, bwana mkubwa?"

"Uliyovaa."

Vigelegele vikapigwa.

"Na kofia. Na hiyo pete."

"Mpe, Fundi, mpe!" Sharifu alihimiza, amefurahi mno kuona jini anadai kwa mwingine. "Usimuudhi!"

"Nawe mwenye mguu!" Sharifu akanywea. "Kila alasiri utalala miguu juu. Dukani akae mkeo, na funguo azishike yeye. Ukikataa narudi, tena miguu yote miwili."

"Sikatai, bwana wangu! Sikatai!"

Mwanamvua akapiga chafya, akajifunua, akauliza kwa upole kulikuwa na nini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye adabu, alimsindikiza mganga hadi njia panda, funguo zinalia kiunoni. Hija alikuwa amejifunga kipande cha kaniki cha kuazima, kichwa wazi.

"Bibi," alisema Hija, na safari hii hakudanganya, "mimi nawe tungefanya kazi pamoja, tungekula nchi."

"Tumeshafanya, Fundi. Mimi nimekwisha kula." Akamwonyesha njia ya kaskazini iendayo Mkange, nyeupe kwa jua. "Mkange ni mbali kwa miguu. Ukifika, lala uiweke juu ya mito."