Wakili Wenu Yupo, Msiulize Jina

Mheshimiwa Meya wa Ashbrook, Sherifu wa Kaunti, Mchungaji Haugen, Mwenyekiti wa Kamati ya Gwaride la Uhuru la Julai Nne, akina mama mliooka pai za tufaha, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya adabu.)

Mimi, Sterling Amberson, Naibu Mratibu Mkuu wa Mahakama ya Siri, nimetoka Washington kuja kuwaondoa hofu. Wapo wanaobwabwaja kwamba serikali ikitaka kusikiliza simu ya mtu inakwenda peke yake kwa jaji, mlango umefungwa, mwenye simu hana habari. Uzushi mtupu. Milango inayofungwa ni miwili. (Meya anacheka.) Mwaka wa fedha uliopita, kwa mujibu wa mchakato wetu shirikishi wa uwajibikaji, tulikubali maombi yote ya kusikiliza simu isipokuwa moja, jambo linalothibitisha kwamba serikali yenu haiombi ovyo, na hilo moja lilikosa muhuri, likagongwa muhuri, likapita.

(Bi Ardith Vukovich, mwenye duka la donati, anasimama. Anaeleza kwamba maofisa wa serikali walikuja dukani wakamhoji juu ya maneno aliyoongea kwa simu na binti yake Tessa, muuguzi ng'ambo kule Amman. Tangu binti apate habari hiyo, hapigi tena. "Bwana mkubwa, mimi namtaka mwanangu tu. Huko kwenu nani alinitetea?")

Swali zuri, mama. Siwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba una simu. Lakini fahamu kwamba kila mwananchi anatetewa na Wakili wa Umma, mtu shupavu, ambaye katika kesi yako, kama ipo, alipinga mpaka jasho likamtoka. ("Anaitwa nani?") Jina ni siri. ("Basi nionyeshe hata kofia yake.") Kofia nayo ni siri. (Minong'ono.)

Nihitimishe. Simu yako, usalama wetu! (Sherifu, peke yake: "Wetu!")

Nawashukuru kwa pai, na zaidi kwa imani yenu kwa Wakili wa Umma, ambaye bajeti ikipita tutaanza kumtafuta. Nawe, mama, usilie mbele za watu. Tessa hajakukasirikia. Jumapili alimwambia shangazi yake kwa simu kwamba anakupenda na amekukumbuka sana, ila anaiogopa simu yako. Asanteni.

(Hakuna anayepiga makofi. Bi Vukovich anajifuta macho, anasogea karibu na jukwaa, anauliza kwa sauti ya chini kama binti yake alisema kitu kingine.)