Vita vya Hashi Katika Stationari ya Nyamuswa

Sogeeni, enyi mlioanika mihogo na mlioacha ng'ombe mtoni! Tegeni masikio, msikie vita vilivyopiganwa Nyamuswa bila mkuki wala ngao, vikatikisa meza moja ya stationari, ingawa meza yenyewe ilikuwa ikitikisika tangu zamani.

Hapo ndipo aliposimama Sabina binti Nyangi, Malkia wa Fotokopi, Mshinda Karatasi Zinazokwama. Mama yake Nyangi, mwimbishaji wa kwaya, alifariki wakati wa masika, na wimbo wake pekee uliorekodiwa, tena kwa simu, sasa ulikuwa katika kompyuta ya binamu yake Revocatus, kule Kitaji, Musoma. Naye Revocatus, Mlinzi wa Hazina, alikuwa ameahidi kuitoa kompyuta hiyo kwa shule moja ya Suguti. Walimu wangefika mchana ule ule kuichukua, na kabla hawajaichukua ilimpasa afute kila kilichomo.

Msihofu, wapenzi, nakala ilikwisha kuvuka nchi. Bernado, Mwenyekiti wa Kwaya, Simba wa Besi, aliileta kwenye flashi toka Musoma, kaiweka kifuani chini ya rozari, akashuka kwenye basi kama aliyebeba yai. Sabina akaifungua, mama akaimba, hata waliokuja kutoa kopi ya cheti wakafuta machozi. Nani angedai zaidi?

Revocatus alidai. Kwa simu alimwambia Sabina kwamba sikio ni shahidi mwongo, akamtumia programu ndogo ya kupima hashi. Programu hiyo hulimeza faili zima la sauti, ikalitafuna, ikatema mstari mrefu wa tarakimu na herufi, ndiyo hashi yenyewe. Nakala ikiwa sawa na asili, mstari ni ule ule. Ikipungua punje moja tu, mstari wote hugeuka.

Basi majeshi yakajipanga. Kitaji ikitaja, Nyamuswa ifuate kwa kidole kwenye kioo. Lo! Mstari wa Kitaji ulianza na saba, wa Nyamuswa ukaanza na b. Wakapima upya, bado. Sabina aliogopa, akaogopa kweli, maana mama hafi mara mbili ila kwa uzembe wa watu.

Bernado, aliyekuwa kwenye benchi akinywa soda ya ushindi, aliona amedharauliwa na mashine. Akainuka, akasafisha koo kama anayeanza zaburi.

"Binti yangu, kwaya hii nimeilinda na aibu tangu hujazaliwa. Nyimbo zetu haziendagi kwa watu kabla hazijanawa uso. Hiyo nami niliinawisha kwenye simu yangu, maana mwanzo wake haukuwa wa ibada. Usafi sifundishwi na kompyuta."

Ndivyo alivyo Mwenyekiti. Hakuna wimbo uliotoka mikononi mwake ukiwa na kikohozi wala jogoo. Alifanya kwa mapenzi, Sabina alilijua hilo, lakini alikasirika hata hivyo. Alipouliza kimekatwa nini, mzee alitazama viatu vyake, akasema ni maneno tu ya nyumbani.

"Kaka, usifute," Sabina akanguruma kwenye simu. "Walimu wakifika wape chai, ikiisha wape ugali. Alichosema mama nakitaka chote, hata kama alipiga chafya."

Ndipo Revocatus, Bwana wa Birika Lisilokauka, akawazuia walimu wa Suguti kwa chai na habari za mvua, huku faili likipanda mtandaoni kwa mwendo wa kobe. Mtandao ukakata, ukarudi, ukakata tena. Lilipotua Nyamuswa, Sabina akalipima. Saba kwa saba, herufi kwa herufi, Bernado mwenyewe akifuata kwa kidole kinene, mpaka mkia wa mstari. Sawa!

Sabina akabofya. Kiti kilikwaruza sakafu, kisha Nyangi akasema, kwa sauti kali, karibu kabisa:

"We Sabina, acha kuhangaika na hilo lisimu, linarekodi. Na hujala wewe, nakuona. Nikimaliza hapa ule."

"Bado, mama," Sabina akajibu, akalia kwa sauti bila kujali wateja.

Simba wa Besi akatoka, akavuka barabara, akarudi na sahani ya ugali na sato, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi. Binti Nyangi akanawa, akala chakula chote huku mama yake akiimba. Na ijulikane toka Bunda hadi Butiama, vizazi na vizazi: siku hiyo alitii.