Bahari Ndani ya Punje ya Chumvi

Jumatatu, 4 Juni 1956
Leo nimeiona bahari iliyokufa. Naapa! Dakta Harbin, bwana wa mawe ninayemfutia vioo vya hadubini hapa Kinondoni, kaniruhusu kuchungulia. Chumvi imetolewa chini kabisa ya ardhi, huko Kilwa. Ndani ya punje, tone la maji. Ndani ya tone, kiputo. Ukiinamisha punje kinatembea polepole, kama mtu asiye na haraka. Dakta anasema maji yale yalinaswa bahari ilipokauka, kabla hajazaliwa mtu yeyote, na ukiyachunguza utajua chumvi ilitoka bahari gani. Nikasahau vioo. Karani Marselino akanikumbusha kwa sauti kubwa. Fitina tu.

Jumatano, 6 Juni
Dakta anakwenda Kilwa mwezi ujao na msaidizi mmoja. Marselino keshanunua kofia! Mie nitampelekea Dakta chumvi ya kale, niseme nimeichimba kisimani Kawe, ili anichague mimi. Nitaitengeneza mwenyewe. Nimerudi kutoka Kawe kwa miguu, debe la maji ya bahari kichwani. Nusu yameingia shingoni.

Ijumaa, 15 Juni
Kazini nimesema tumbo linaniuma. Sahani iko juani uani. Punje zinaota, pembe nne kamili. Nimelala ubavu kuzitazama. Naona nimo ndani yake, natembea juu ya mchanga mweupe, hakuna anayeniita popote. Bibi Mwanakombo, mwenye nyumba, akaniita. Kauliza kama naumwa. Nikamwamkia shikamoo, nikasema siumwi, natengeneza zamani. Akanitazama sana.

Jumatatu, 18 Juni
Maji yamekauka mno. Kawe mbali! Nimeongeza maji ya ndoo ya Bibi Mwanakombo na chumvi ya jikoni. Yana ubuluu kidogo. Vizuri zaidi. Bahari si ya buluu?

Jumamosi, 30 Juni
Siku yangu. Punje kubwa kama ya mahindi, na tone ndani! Dakta alishangilia, akamwita Marselino aje aone. Kisha Dakta mwenyewe akainama kwenye hadubini. Ndani ya tone, chembe za buluu zinaelea.
"Alfonsi," akasema taratibu, "chumvi hii imetoka bahari ya dobi."
Ile ndoo! Bibi alikuwa amesuuzia kanzu nyeupe kwa bluu ya kufulia. Marselino alicheka hadi akakaa sakafuni. Nilitamani kuyeyuka.

Jumanne, 3 Julai
Marselino ameondoka na Dakta. Kofia imemkaa vizuri, inaniuma kukiri. Nimeshinda uani nikiinamisha punje yangu juani. Kiputo kinakwenda, kinarudi. Bahari ndogo, ya buluu, yangu peke yangu. Bibi Mwanakombo kaniletea uji bila kuuliza kitu.

Jumatano, 11 Julai
Habari njema! Kuna mgeni anatafuta sandarusi ya kale, ule utomvu wa mti uliogeuka jiwe, yenye mdudu ndani. Msaidizi pia anamtaka. Gundi nimeshapata. Nzi ninaye, yumo kwenye kibiriti, mzima kabisa.