Saluni ya Lugha Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza shule na sina pa kwenda. Shangazi amenichukua saluni kwake kwa majaribio. Nikifaa, nitafundishwa kusuka na nitabaki. Nisipofaa, naenda kwa Mjomba, anayesambaza mitungi ya maji maofisini, nikapokee simu. Kupokea simu! Watu nisiowajua, mchana kutwa, na mimi ndiye niseme haloo kwanza. Nimemwomba Mungu anipe mikono myepesi.

Nimefagia nywele. Hakuna aliyenisemesha.

Jumanne, 4 Machi

Wasusi ni wawili. Mama Pacha ndiye mkubwa, ana kicheko cha kutikisa vioo. Kidole amenizidi umri kidogo tu. Wamempa jina hilo kwa sababu akisuka huoni vidole, unaona ukungu. Wametoka sehemu moja na wana lugha yao. Shangazi haijui, mimi siijui, wateja hawaijui. Wanasuka kichwa kimoja pamoja, huyu kulia, huyu kushoto, na maneno yanapita juu ya utosi wa mteja bila kumgusa.

Leo walitazama nilipo, wakasema kitu, wakacheka. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nimekwenda chooni kujitazama kwenye kioo. Sioni cha kuchekesha, isipokuwa vyote.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kujifanya naelewa. Wakicheka, nacheka. Ulikwenda vizuri hadi Mama Pacha aliponigeukia akaniuliza jambo kwa lugha yao. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Akashangaa, akaniita mtoto mzuri, akanikabidhi beseni la taulo za wiki nzima. Kumbe nimejitolea. Kidole naye akaongeza mashuka yake ya nyumbani.

Nimewaza sana wakati nafua. Shuleni tuliwahi kuwa na mdahalo: dunia nzima izungumze lugha moja. Nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisimama, nikasema "Ndugu mwenyekiti", nikakaa. Lakini hoja zangu zote bado ninazo. Lugha ikiwa moja, hakuna atakayesengenywa mbele ya macho yake. Hakuna atakayebaki pembeni na ufagio. Vita vitapungua. Taulo pia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kumshawishi Kidole. Nilijikaza hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia ingekuwa vizuri watu wote duniani wakawa na lugha moja. Hakusimamisha mikono. Akaniuliza hiyo moja itakuwa ya nani. Nikasema ya kila mtu. Akasema sawa, basi iwe ya kwao, nianze kujifunza leo. Nikasema sikumaanisha hivyo.

"Najua, mdogo wangu. Hakuna anayemaanisha hivyo. Kila anayetaka lugha moja anataka ya mama yake."

Mama Pacha akauliza tunabishania nini. Wakaelezana kwa lugha yao, wakacheka hadi mteja akawaomba watulie maana anavutwa nywele.

Nimeshindwa mdahalo kwa mara ya pili. Safari hii nilizungumza, ndiyo tofauti pekee.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, wa chini kwa chini. Mke wa daktari wa meno amekuja kuoshwa nywele. Huyu ndiye anayeiweka saluni mjini: akija yeye, wanakuja dada zake na mtaa mzima. Kuosha ni kazi yangu. Mtu akiwa amelaza kichwa kwenye beseni hanioni, na mimi nisipoonwa nina ujasiri wa ajabu. Nikamuuliza kwa adabu kama haimsumbui kusukwa na watu wanaozungumza asichokielewa. Akasema hajawahi kulifikiria. Nikasema hata mimi, ila wanacheka sana.

Shingo yake ikakakamaa kwenye kiganja changu. Alipoinuka alikwenda kwa Shangazi huku maji yakimchuruzika.

Nahisi vibaya kidogo. Nahisi vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi ametangaza sheria. Ndani ya saluni lugha ni moja, hii yetu sote. Atakayesema nyingine mbele ya mteja akatafute saluni nyingine. Mimi nimepewa kazi ya kuandika tangazo kwa sababu ya mwandiko wangu. Nimelizungushia maua. Mama Pacha alilisoma, akalisoma tena, akaniuliza hayo maua ni ya harusi au ya msiba.

Nikasema ya harusi. Hakucheka.

Jumatatu nitasikia kila kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesikia kila kitu. Mama Pacha anaumwa goti. Paa la Kidole linavuja juu ya kitanda. Pacha mmoja hataki shule, mwingine anataka kila kitu cha yule asiyetaka shule. Mengine yote ni vuta, legeza, nipe kichana. Siku nzima nimesubiri kutajwa.

Jioni nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Kidole zamani walikuwa wananisema nini. Akafikiri. Alifikiri kwa bidii, namshukuru. Kisha akasema kwa kweli hakumbuki.

"Tukuseme nini, mdogo wangu? Hujafanya kitu."

Nikamkumbusha ile Jumanne, nilipokuwa na ufagio. Akakumbuka mara moja. Kulikuwa na paka dirishani, nyuma yangu, amekwama kichwa kwenye kopo.

Paka. Wiki nzima nimelala nalia kwa sababu ya paka. Kusengenywa kunauma, lakini anayesengenywa angalau yupo.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika humu.

Mke wa daktari wa meno alikuja kusukwa, na dada zake wawili. Alikaa amejinyoosha, ameridhika, anasubiri kusikia. Kidole alisuka upande wa kulia vizuri tu hadi nyuma ya sikio. Hapo akasimama. Akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akalitazama tangazo. Shangazi akawatazama wote wawili. Draya ilikuwa inanguruma, kwa hiyo Kidole akapaza sauti. Mimi, ili nisikie vizuri, nikaizima draya. Tulifanya hayo kwa pamoja, kama tuliokuwa tumepanga.

"Dada, kipara chake kimepanuka, nikifiche kwa juu au nikivute kutoka nyuma?"

Ukuta ulisikia. Mtaa ulisikia. Dada zake walikuwa hawajui. Yeye mwenyewe alikuwa anajua, na miaka yote aliamini yuko peke yake katika kujua. Alifunika nyuma ya sikio kwa kiganja, kama mtu aliyepigwa kofi. Akainuka nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akatoka. Dada zake wakamfuata, mmoja ana povu kichwani.

Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kile kipara wamekuwa wakikificha tangu kikiwa kama tembe ya dawa. Na mba ya yule. Na kovu la yule mwingine anayesema aliteleza bafuni. Walikuwa wanaambizana wapi pa kupita wasimuumize mtu, na mtu asijue kuwa wamejua.

"Nyie mkadhani tunawacheka."

Kidole akasema kwa upole kwamba mara nyingine walikuwa wanawacheka pia. Mama Pacha akakubali, mara nyingine.

Shangazi akauliza nani alimtia mteja maneno. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hata hapo, jamani. Ikabidi ninyooshe mkono.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi hakupiga kelele. Angepiga ningevumilia. Alisema mimi ni mtoto wa kaka yake na ananipenda, na nisikanyage saluni mpaka nywele za yule mama ziote. Nikauliza nywele za hivyo huota baada ya muda gani. Akasema haziotagi.

Mama Pacha alilibandua tangazo taratibu asilichane, akanipa, akasema mwandiko ni mzuri kweli. Kidole akaniaga kwa lugha yao. Maneno marefu, laini, alinishika bega wakati anayasema. Sikuelewa hata moja. Nilitaka kuomba arudie kwa lugha yetu, nikaona aibu.

Sitafundishwa kusuka. Nimeiandika sentensi hiyo ili niizoee. Sijaizoea.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa Mjomba. Chumba kimoja, meza moja, simu moja ya mezani. Wanaopiga ni makarani, wapishi wa hoteli, walinzi wa magodauni, kila mtu na lugha yake na haraka yake. Mjomba anawajibu wote kwa vipande vipande vya kila lugha, havijashonwa vizuri popote. Anacheka nao, wanaelewana vibaya, na maji yanafika. Nilimwambia huo si utaratibu. Akasema, "Mwanangu, kiu haina sarufi," akatoka kwenda kupakia.

Simu ikalia. Nikanyanyua, nikasema haloo, nikakata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefikiri Jumapili nzima na sasa nimejua nilipokosea. Nilianza na wasusi wawili. Watu wawili lazima wajione wameonewa. Lugha moja haiwezi kuanzia saluni, inataka watu wengi kwa mpigo, wasiojuana, wasio na la kufichiana. Na wanaopiga simu hapa hawajuani kabisa. Nashangaa sikuliona mapema. Hata uoga umenipungua.

Basi leo Mjomba alipokwenda godauni, nimeanza. Kila anayepiga namwambia, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, kwamba kuanzia sasa ofisi hii inahudumia kwa lugha moja tu, na kama bado hajaiweza apige tena akishajifunza. Wachache walibisha. Mmoja alinitukana kwa lugha nisiyoijua, jambo ambalo linathibitisha hoja yangu.

Tangu adhuhuri simu haijalia hata mara moja. Mjomba yuko nje juu ya ngazi, anakagua waya wa simu. Humu ndani kimya kizuri sana. Nadhani wote wanajifunza.