Bibi Mwanagenzi na Mashine ya Kilo Sabini

Kila mja na riziki yake, na riziki ya Radovan Kubice ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyuma, kati ya tangazo la paka aliyepotea na la mtu anayenunua uyoga mkavu. Iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa shule ya zamani:

"Mjane mstaafu natafuta mashine ndogo ya kuchongea, ya kuongozwa na kompyuta, ya kutumia nyumbani. Mimi ni mwanagenzi, sijui kitu. Nitamshukuru atakayenichagulia vizuri. Bei si tatizo."

Radovan alilisoma tangazo hilo mara mbili, akalibandua, akalitia mfukoni. Asije mtu mwingine akamdhulumu mama wa watu.

Katika mji wa Brno, mwanamume asiye na karakana chini ya nyumba yake huulizwa kama anaumwa. Na siku zile ugonjwa wa mjini ulikuwa hizo mashine za CNC: unachora kitu kwenye kompyuta, kisu kinazunguka na kukuchongea chenyewe, mbao au alumini, wewe umekaa unakunywa bia. Wastaafu walikuwa wanazililia kuliko wajukuu wao. Radovan alikuwa nayo moja gereji, aliyoinunua kwa bei ya kutupa ndani ya kreti kutoka China. Nguzo yake ilikuwa bati tupu, na yote nzima aliweza kuibeba kwapani kama mkate.

Huyu Radovan alijiita Mhandisi. Cheo hicho kilikuwa kwenye kadi yake, kwenye kengele ya mlango wake na hata kwenye sanduku lake la barua, ingawa chuo kilimtimua mwaka wa pili kwa sababu ya mitihani fulani iliyouzwa kabla ya kufanywa. Na kwa kuwa watu wa nchi ile hupenda cheo kuliko mchuzi, naye aliwagawia wenzake bila choyo. Kinyozi alikuwa Bwana Mhandisi, polisi wa barabarani Bwana Mhandisi. Kilemba cha ukoka hakimgharimu mtu kitu.

Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu. Juu ya kilima cha bustani, nje kidogo ya mji, mzee Jeroným alikuwa anauza kibanda chake cha mapumziko: chumba kimoja, baraza, miti sita ya plamu. Alikubali kumshikia Radovan hadi saa sita mchana ya Jumapili ya mwisho wa Mei, si dakika moja zaidi. Akiba ya Radovan ilikaa kwenye kopo la biskuti, na ilipungua theluthi moja. Theluthi hiyo, alijiambia akipiga simu, ndiyo mjane.

Bibi Vlasta Pokorná aliishi ghorofa ya tatu. Alikuwa mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, na alifungua mlango akijifuta unga mikononi.

"Karibu, Bwana Mhandisi. Vua viatu. Chukua sapatu hapo."

Ukutani zilipangwa jozi nne za sapatu za wageni, zote za kiume, kila jozi na ukubwa wake. Radovan hakujiuliza mjane anayeishi peke yake anazitakia nini. Alichukua jozi kubwa kuliko zote, na bado visigino vyake vilining'inia nje. Bibi Vlasta aliviangalia visigino vile kwa huruma, akamkaribisha kahawa na mkate wa tangawizi.

"Nataka kuchonga vibao vya kukandamizia mikate hii," alisema. "Vya mti wa peasi, vyenye maua. Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Lakini mimi hizi mashine sizijui, mwanangu. Nimesoma kitabu kimoja tu, cha wanagenzi."

"Kitabu kitakuchanganya bure, mama. Mimi ndiye kitabu."

"Naona. Sasa, kitabu cha karatasi kinasema mwanagenzi anunue kwa kilo. Eti nyepesi inatetemeka. Yako ina kilo ngapi?"

Radovan alimeza kipande cha mkate. Yake ilikuwa na kilo kumi na nane pamoja na kreti.

"Sabini," alisema.

"Ee Mungu wangu! Hiyo ndiyo yenyewe. Nitaichukua kwa elfu sitini. Halafu nina wenzangu wa klabu ya wastaafu, kumi na mmoja. Hawa wamenituma mimi kwanza, kama mbuzi wa kuonjea majani. Nikiridhika, Jumapili ya mwisho ya mwezi wanakuja kwenye gulio la mashine saa nne na pesa zao, kila mtu na yake."

Kumi na mmoja! Radovan alishuka ngazi akihesabu kwa vidole, vikamwishia. Si kibanda tu sasa. Angeweka na bafu.

Lakini kwanza kilo. Siku tatu alijifungia gereji. Aliunda sanduku la chuma la kuikalisha mashine, akakoroga mchanga na saruji, akajaza zege ndani ya sanduku na ndani ya nguzo mpaka juu, akaziba kwa kifuniko na kupaka rangi. Alikuwa amewapiga watu changa la macho maisha yake yote, ila mara hii mchanga ulikuwa wa kweli, nao ulimvunja mgongo. Alicheka peke yake akinawa: mama wa watu angelipia zege kwa bei ya chuma cha Uswisi.

Bibi Vlasta alikuja na mizani yake ya bafuni kwapani. Radovan aliinyanyua mashine kuiweka juu yake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Sabini na moja," bibi alisoma. "Umejipunja kilo moja, Bwana Mhandisi. Mtu mwaminifu wewe." Akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akatabasamu kidogo. "Sasa kitabu kinasema mwanagenzi aombe duara."

"Duara gani?"

"Ichonge tu duara kwenye kibati. Eti hapo ndipo inapojulikana."

Mashine ilinguruma, kisu kikazunguka, kibati kikatoka. Bibi Vlasta alikiinua kwenye mwanga.

"Mwanangu, hili si yai?"

"Ni hali ya hewa, mama. Unyevunyevu."

"Aa. Basi nitarudi kukiwa na jua."

Shida ilikuwa skrubu ndefu zinazosukuma meza. Zilikuwa za bei poa na zilicheza, kwa hiyo kila meza ilipogeuza njia ilijikwaa kidogo, na duara likajaa tumbo. Radovan hakutaka kununua nyingine. Alikwenda kwa fundi wa kiwandani, akachongewa duara safi kabisa, akalificha ndani ya mkono wa koti ili alibadilishe bibi akipiga chafya. Siku ya jua ilipofika, Bibi Vlasta alitoa kibati chake mwenyewe kutoka kwenye kikapu, akakichora msalaba wa penseli katikati na kuandika tarehe.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," alisema. "Wanagenzi tunasahau."

Likatoka yai lenye msalaba na tarehe.

"Sikia, mama," Radovan alisema, jasho likimtoka, "kwa vibao vya mikate, yai lina ubaya gani?"

"Mimi sina neno. Naogopa hao kumi na mmoja. Mmoja wao ana maneno!"

Ndipo kopo la biskuti likafunguliwa. Radovan aliagiza skrubu za gololi kutoka Ujerumani, zisizocheza hata nywele. Skrubu mpya zikaiaibisha mota ya zamani, akanunua mota. Mota mpya ikaonyesha kwamba kishika kisu kinayumba, akanunua na hicho. Kila mara bibi alikuja na ukurasa mwingine wa kitabu chake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza swali moja la kijinga, na swali lile likagharimu wiki nzima ya kazi. Radovan alifunga, akafungua, akapima, akasawazisha. Alikonda. Usiku aliota gololi. Alikuwa hajawahi kufanya kazi kwa bidii hivyo, na alijiliwaza kwamba wizi mkubwa una gharama zake.

Halafu siku moja duara likatoka duara. Alilipima kwa kipimo chenye sindano kama saa upande huu, akalipima upande ule, sindano ikakataa kusogea. Alikaa sakafuni nalo mkononi. Ukweli usemwe: kifua kilimvimba kwa furaha, na hakukuwa na mtu wa kumdanganya karibu.

Bibi Vlasta alilipitishia kidole cha gumba, polepole, macho amefumba.

"Umefanya, mwanangu," alisema, akahesabu elfu zake sitini. Kisha akatoa kikapuni chupa ya gongo ya plamu, maana nchini kule biashara isiyolowanishwa huota kutu. "Na wewe, baada ya haya, ndoto yako nini?"

Gongo ilikuwa kali na Radovan alikuwa amechoka. Alimsimulia yote: kilima, baraza, miti sita, mzee Jeroným, Jumapili saa sita. Alimwambia hata kwamba kopo limebaki nusu, ila klabu ingelijaza.

"Mahali pazuri," alisema Bibi Vlasta. "Na banda la zana lipo?"

"Lipo, tena kubwa."

"Hewaa."

Jumapili Radovan alifika gulioni saa tatu na nusu, amechana nywele, na kitabu cha risiti chenye kurasa kumi na moja alizoandika tayari. Saa nne ikapita, na wastaafu wakapita pia, mamia yao, kila mmoja na soseji mkononi, ila hakuna aliyemuulizia. Ndipo alipoiona mashine yake. Ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake Bibi Vlasta, na mbele yake mwalimu wa chuo cha ufundi, mhandisi wa kweli mwenye cheti, ameinama anaichungulia kama daktari.

Mwalimu aligonga nguzo. "Nani aliyejaza zege humu?"

Radovan akageuka aondoke.

"Huyo hapo!" aliita Bibi Vlasta. "Njoo, Bwana Mhandisi, usione haya. Ndiye aliyeiunda kwa mikono yake."

Mwalimu alimshika mkono akautikisa. "Viwanda vikubwa ndivyo vinavyofanya, nguzo ikijaa kisu hakitetemeki. Hawa wauzaji wa mashine ndogo wanaona uchungu hata wa mchanga! Na hizi skrubu... Ulifikiria nini ulipojaza zege?"

Radovan alimtazama bibi. Bibi alimtazama yeye, kwa upole.

"Mtetemo," alisema Radovan kwa sauti ndogo.

"Hongera, Bwana Mhandisi," alisema mwalimu, naye alimaanisha. Alihesabu laki moja na elfu arobaini mezani, na Bibi Vlasta akazitia kwenye mkoba wake wenye vumbi la unga.

Radovan alisubiri mwalimu aende kutafuta toroli.

"Klabu iko wapi?"

"Klabu ni nyinyi. Wewe ni wa tano."

Jozi nne za sapatu zikamjia Radovan kichwani, moja moja.

"Na wewe si mwanagenzi!"

"Miaka thelathini na moja nilisimamia chumba cha vipimo kiwandani. Lakini mashine ya namna hii sijawahi kukaa nayo zaidi ya wiki mbili. Huo si uanagenzi?"

"Nitakushtaki!"

"Nenda, mwanangu. Uwaambie ulimwaga zege ndani ya mashine ili umwibie mjane, na mjane akaipenda." Alimkatia kipande cha mkate wa tangawizi. "Saa tano hii. Wahi kwa mzee Jeroným, umsalimie."

Radovan alipanda kilima mbio, akiwa na nusu ya pesa na ahadi tamu za kuomba wiki moja tu. Alifika saa sita kasorobo, pumzi juu juu. Mzee Jeroným alikuwa anafunga sanduku lake la mwisho kwa kamba.

"Bado dakika kumi na tano, Bwana Mhandisi!" alilia Radovan, maana mazoea ni mabaya.

"Ulisema utaleta, mwingine akaleta," alijibu mzee. "Bibi mmoja, jana, taslimu, na nusu ya bei tena juu. Kaacha vitu vyako hapo barazani."

"Vitu gani? Mimi sina vitu hapa."

Mzee aliinua mabega, akabeba sanduku lake, akateremka.

Hapakuwa na wa kumwona ila mijusi. Radovan alilia kidogo, kwa uchungu wa kweli, akiwa ameegemea mti wa kwanza wa plamu ambao ungekuwa wake. Kisha akafuta uso na kwenda barazani. Palikuwa na mifuko miwili ya saruji, koleo jipya, na kreti isiyofunguliwa kutoka China. Juu ya kreti kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa shule ya zamani: "Mapato ya kila mashine utakayoiunda tutagawana, robo yako. Wenzako wanne wanaanza kesho, uwaonyeshe zege. Karibu ndani, mwanangu, ila viatu vua."

Aliitazama njia ya kurudi mjini, akaitazama miti sita, plamu changa zikiwa ndogo kama punje za njegere. Hatimaye aliinama akafungua kamba za viatu.

Mlangoni palikuwa na jozi moja ya sapatu mpya. Alitumbukiza miguu. Visigino viliingia vyote, hakuna kilichoning'inia wala kulegea. Aligeuza soli kuangalia: namba arobaini na nne, ambayo hakuwahi kumtajia.